Kibembezi Kiongozwacho kwa Volti: Jibu kwa Waliocheka, Nami Nikiwamo

Ndugu wasomaji wa ukumbi huu, niwieni radhi. Mmezoea kunikuta hapa nikigombana juu ya vina na mizani, na juu ya wanaokata nathari vipande vipande kisha wakaipa jina la shairi. Leo nimekuja na ugomvi wa namna nyingine. Unahusu umeme; lakini mtakaovumilia mtaona kwamba ni ugomvi ule ule wa lugha, ila umevaa koti la maabara.

Mwaka jana nilialikwa kwenye kongamano dogo la Kiswahili, nikakaa safu ya nyuma kama impasavyo mstaafu aliyealikwa kwa heshima ya mvi zake. Mtoa mada mmoja, msomi wa makamo aliyesoma ng'ambo, alifika kwenye suala la lugha ya kufundishia sekondari. Hakutoa hoja. Aliacha Kiswahili alichokuwa akikizungumza, akatamka kwa Kiingereza jina la fani moja ya uhandisi wa elektroniki, jina refu la maneno kama manane, akilitamka polepole mithili ya karani asomaye hati ya mashtaka. Kisha akasema: "Haya, mabingwa wa lugha, tafsirini hilo, nami nitakaa chini." Ukumbi ukaangua kicheko. Jina lile lilikuwa la usanifu wa kifaa kidogo mno kinachozalisha mawimbi ya redio ya kasi ya ajabu ndani ya chipu ya silikoni. Hakuna aliyesimama kumjibu, naye hakukaa chini.

Nami nilicheka. Ndilo linaloniuma. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikafundisha fizikia miaka thelathini na saba, na siku ile nilicheka pamoja na wengine kwa kuwa jina lile lilinishinda. Katika daladala, nikirudi nyumbani, nilijiuliza: ikiwa sikulielewa kwa Kiingereza, lugha ambayo nilifundishia somo lenyewe, basi nilikuwa nikikicheka Kiswahili kwa kosa gani?

Tangu siku hiyo, kila mpwa wangu ambaye ni mhandisi wa mawasiliano anapokuja kututembelea, namkalisha barazani na kumhoji. Tumelichambua jina lile neno kwa neno. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa Kiswahili ili msomaji ahukumu mwenyewe kama lugha imekwama mahali.

Tuanze na bembea ya mtoto, iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Ukiivuta na kuiachia, huenda na kurudi. Kila safari ina muda wake, na muda huo hautegemei sana nguvu ya aliyesukuma. Hutegemea urefu wa kamba. Umeme nao una bembea yake. Chukua kapasita, ambayo huhifadhi chaji, na indukta, ambayo ni waya uliokunjwa ukawa kitanzi. Viunganishe. Chaji itatoka kwenye kapasita, ipite katika kitanzi na kujenga usumaku. Usumaku unapofifia utaisukuma chaji iende upande wa pili wa kapasita. Kisha safari itaanza upya kinyumenyume. Idadi ya safari za kwenda na kurudi katika sekunde moja ndiyo marudio, nayo hupimwa kwa hezi. Kapasita na kitanzi vikiwa vidogo, marudio huwa makubwa, kama vile bembea ya kamba fupi iendavyo harakaharaka.

Bembea ikiachwa, husimama. Katika sakiti, mlaji ni ukinzani wa waya: kila safari hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Kwa hiyo mhandisi huweka transista mbili zilizounganishwa kimsalaba, kila moja ikipokea amri kutoka upande wa mwenzake, mfano wa watu wawili waliosimama mbele na nyuma ya bembea: huyu akimaliza kusukuma, yule anapokea. Kila safari hurudishiwa kile kilicholiwa. Kazi hiyo wahandisi huiita ukinzani hasi. Ukinzani wa kawaida hula, huu hulisha.

Mpwa wangu alipofika hapo nilimwomba anyamaze kidogo, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuyasoma maneno hayo. Niliyasoma mwishoni mwa miaka ya 1990, katika karatasi ya mtihani wa kidato cha pili. Nilikuwa nimeuliza, kwa Kiingereza bila shaka, kwa nini pendulamu husimama na mtu afanye nini isisimame. Kijana mmoja alijibu kwa Kiswahili, mistari miwili tu: kwamba hewa na msuguano huila nguvu yake kidogo kidogo, na anayetaka isisimame airudishie kila safari kiasi kile kile kilicholiwa, kisizidi wala kisipungue. Nilimpa sifuri. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu kwamba ajibu kwa lugha ya somo. Juma lile lile nilimvika kibao, kile kipande cha mbao tulichowavika waliokutwa wakisema Kiswahili, akashinda nacho shingoni hadi jioni. Mwenzake aliyekariri sentensi moja ya daftari, nami nina hakika hakuielewa, alipata alama zote.

Jibu la kijana yule ni kanuni nzima ya kifaa alichotuchekea mtoa mada. Nilikuwa nayo mkononi, nikaipiga msalaba.

Turudi kwenye kifaa. Wimbi la redio ya FM, kwa marudio ya megahezi 100, lina urefu wa mita 3 hivi. Mawimbi ya milimita ni yale ya gigahezi 30 hadi 300, ambayo urefu wake ni kuanzia milimita 10 kushuka hadi milimita 1. Gigahezi moja ni safari bilioni moja kwa sekunde. Tuchukue gigahezi 60, kiasi ambacho wahandisi wamekishughulikia sana: wimbi lake hewani lina urefu wa milimita 5, kama punje ya choroko. Tuseme mghani hutumia sehemu ya tano ya sekunde kutamka mizani moja ya ubeti. Katika mizani hiyo moja, bembea ya umeme itakuwa imekwenda na kurudi mara bilioni 12.

Ili kufika huko, kitanzi na kapasita lazima viwe vidogo mno. Nimepiga hesabu hii kwa kalamu yangu: kitanzi cha pikohenri 70 na kapasita ya femtofaradi 100 hutoa gigahezi 60. Piko ni sehemu moja ya trilioni. Femto ni sehemu moja ya elfu ya hiyo. Kitanzi chenyewe ni duara moja la metali, ambalo upana wake haufikii sehemu ya kumi ya milimita. Hapo ndipo balaa inapoanza. Transista mbili zinazosukuma zina ukapasita wao wenyewe, na kila kipande cha waya kinachoziunganisha kina wake. Hakuna aliyeuomba ukapasita huo. Umeingia na kula sehemu ya zile femtofaradi 100 ambazo msanifu alitaka azitawale. Kiswahili kina jina la mgeni wa aina hiyo: kimelea. Katika redio ya kawaida vimelea hivi ni kero ndogo. Katika mawimbi ya milimita huweza kuchukua sehemu kubwa ya nyumba, mwenye nyumba akabaki kulala ukumbini.

Sasa, kuongozwa kwa volti. Kibembezi cha marudio mamoja tu hakina faida kubwa, kwa kuwa simu lazima ihame kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, na rada lazima ipandishe na kushusha marudio yake. Wapiga ngoma wanalijua jambo hili: ngozi ikilegea huipeleka motoni, ikakaza, sauti ikapanda. Katika chipu, moto huo ni volti. Huwekwa kapasita badilifu, ambayo ukubwa wake hufuata volti inayopewa. Ukibadili volti, ukapasita hubadilika, na marudio huhama. Na mwamba ngoma, tunajua, ngozi huivutia kwake. Kila sehemu ya sakiti hii huvutia kwake. Ukitaka marudio yahame kwa upana, weka kapasita badilifu kubwa. Lakini kapasita hiyo hupoteza nishati zaidi kadiri marudio yanavyopanda. Katika gigahezi chache mlaji mkuu huwa ni kitanzi. Katika makumi ya gigahezi kapasita badilifu humpita. Upotevu ukiongezeka, lazima uongeze ukubwa wa transista ili zilishe zaidi. Transista zikikua, vimelea vinakua. Vimelea vikikua, nafasi ya kuhamisha marudio inapungua, nawe umerudi pale ulipoanzia huku umeme mwingi zaidi ukiteketea. Mpwa wangu alinichorea mduara huu kwa mkaa sakafuni pa baraza, na mke wangu hakufurahi.

Hata hivyo upana hauwezi kuachwa, maana chipu mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazifanani sawasawa, na joto nalo huyahamisha marudio. Asiye na upana wa kutosha huweza kupata chipu nzuri zisizofika kwenye marudio yaliyotakiwa. Wasanifu hukwepa kwa kuweka safu ya vikapasita vinavyowashwa na kuzimwa kimoja kimoja, kisha kapasita badilifu ndogo ya kumalizia. Sababu ya kutoitegemea kapasita badilifu peke yake ni hii: kama volti moja huhamisha marudio kwa gigahezi 6, basi kelele ya elfu moja ya volti katika waya wa amri huyahamisha kwa megahezi 6. Masikio yenye uwezo wa kusikia sana husikia pia yasiyotakiwa.

Kelele ndiyo mlango ninaoupenda zaidi, kwa sababu humo ndimo mizani yetu ilimo. Kibembezi bora ni kama mpigaji ambaye pigo lake halitangulii wala halichelewi. Cha kweli huyumba kidogo, na kuyumba huko ndiko wahandisi huita kelele ya awamu. Mwaka 1966 Leeson alionyesha kwa hesabu fupi jinsi kelele hiyo inavyopungua mbembeo unapokuwa na nguvu na upotevu unapokuwa mdogo. Mwaka 1998 Hajimiri na Lee waliongeza jambo ambalo mlezi yeyote wa mtoto angelikubali: yategemea kelele imekuja wakati gani. Msukumo wa ghafla ukimkuta mtoto chini kabisa, bembea inapokwenda kasi, hubadili ukubwa wa mbembeo. Ukimkuta juu mwishoni, pale inaposimama nukta kabla ya kurudi, huharibu wakati wake. Ukubwa hujirekebisha baadaye. Wakati uliopotea haurudi.

Na si mchezo wa maabara. Rada zinazowekwa kwenye magari ili yajifungie breki hutumia gigahezi 76 hadi 81. Rada hutuma wimbi na kusikiliza mwangwi. Lori hurudisha mwangwi mkubwa. Bodaboda iliyo karibu na lori hurudisha mwangwi mdogo. Kibembezi kikiyumba, mwangwi wa lori husambaa pembeni na kuufunika ule wa bodaboda, na gari haliioni. Anayesema elimu hii haituhusu na asimame dakika tano kandokando ya barabara yoyote ya mji wetu.

Limebaki neno moja katika jina lile: CMOS. Ni namna ya kutengeneza transista za silikoni za jinsia mbili zinazokamilishana, moja ikifunguka mwenzake hufunga, na kwa hiyo sakiti hula umeme kidogo. Ilibuniwa mwaka 1963 na Frank Wanlass. Kwa miaka mingi ilionekana kuwa ya saa za mkononi, vikokotozi na kompyuta. Wakubwa wa mawimbi ya milimita walitumia vitu vyenye hadhi, kama galiamu aseniki, ambavyo elektroni hukimbia ndani yake kwa wepesi zaidi. CMOS ni rahisi, ilisemwa, lakini ni nzito. Silikoni iliyo chini ya vitanzi hunyonya nishati. Kelele zake za polepole hupanda na kuingia katika mbembeo. Kila shutuma ilikuwa na ukweli ndani yake. Na bado, mwaka 2001, katika mkutano wa wasanifu wa sakiti mjini San Francisco, HongMo Wang aliwasilisha kibembezi cha gigahezi 50 kilichotengenezwa kwa CMOS ya mikrometa 0.25. Miaka michache baadaye wasanifu wa Chuo Kikuu cha California, wa Berkeley na wa Los Angeles, walikuwa wakionyesha sakiti za gigahezi 60 kwa CMOS. Leo hata rada za magari hutengenezwa kwayo. Silikoni haikubadilika ikawa galiamu aseniki. Watu waliacha kuilaumu, wakakaa chini kuijua: wapi inanyonya, wapi inavuja, waya upite wapi.

Msomaji ameshanitangulia, ameona ninakoelekea. Naam, nimewahi kusikia shutuma zile zile zikitolewa juu ya kitu kingine: ni rahisi, ni cha sokoni na nyumbani, ni kizito kwa mambo ya kasi. Mlinganisho wangu una kasoro moja, nayo naikiri. Silikoni haikuwahi kuvikwa kibao.

Sasa tuje kwenye majina, maana najua wenzangu wa ukumbi huu wanasubiri kunishika hapo. Neno la Kiingereza lililotushinda siku ile, lile la kifaa chenyewe, Waingereza hawakulibuni. Walilichukua kutoka Kilatini, na katika Kilatini kitenzi chake maana yake ni kubembea. Hakuna zaidi. Tulichekeshwa na bembea iliyovaa joho. Darasani nilizoea kusema "kitetemeshi", na leo nalikana neno hilo. Kutetema ni kwa mwenye homa au mwenye hofu, hakuna mizani ndani yake; kubembea kuna kwenda, kuna kurudi, na kuna muda. Nasema kibembezi, kwa kuwa kitenzi chetu tayari kina kubembeza, na kila mama anajua kwamba kubembeza ni kazi ya kurudiarudia kwa kipimo. Transista, volti na kapasita ziachwe zilivyo. Zimekwishakaa kwetu na kula ugali wetu.

Juu ya marudio nitagombana na watangazaji. Wao husema "masafa" wakitaja namba za FM. Masafa ni umbali. Tuliosikiliza redio za zamani tulikuwa tukisikia masafa ya kati na masafa mafupi, na hapo neno lilikuwa mahali pake, kwa sababu lililotajwa ni urefu wa wimbi. FM ilipokuja, neno likabaki na kitu kikabadilika. Kwa mawimbi ya milimita kosa hili ni baya, kwa sababu urefu ukipungua marudio huongezeka. Mwanafunzi akiambiwa "masafa makubwa" hajui kama wimbi ni refu au ni fupi. Milimita ni masafa. Gigahezi ni marudio.

Basi jina lile lililoangusha ukumbi ni hili: usanifu wa vibembezi vya mawimbi ya milimita, viongozwavyo kwa volti, katika teknolojia ya CMOS. Mtoa mada, sasa unaweza kukaa chini.

Lakini nisiwape wapenzi wa Kiswahili raha wasiyoistahili. Sisi nasi tuna kosa letu, na ni kosa la uvivu. Tumedhani kazi inakwisha neno linapopatikana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Nilikuwa na nakala yangu, na nakiri kwamba niliifungua zaidi nilipotaka kushinda mabishano kuliko nilipotaka kueleza jambo. Neno "kibembezi" peke yake halimfundishi mtu. Ningelisimama siku ile na kulitamka, ukumbi ungelicheka tena, na ungelikuwa na haki. Kinachofundisha ni sentensi kumi zinazofuata baada ya neno: nani anakula, nani analisha, nani kimelea, kelele inaingilia wapi. Sentensi hizo hazitoki kwenye kamati ya istilahi. Hutoka kwa mwalimu anayelijua somo lake na asiyeona haya.

Kumbukeni pia kwamba nafasi tulipewa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo 1985. Nilikuwa mwalimu kijana, nikaanza kuandika daftari la masomo kwa Kiswahili usiku, kwa kibatari. Pendekezo halikutekelezwa. Daftari lile nililitia kabatini na nikaokota kibao. Serikali haikunishika mkono kunivisha wino mwekundu. Niliupenda mwenyewe, kwa kuwa ulinifanya nionekane msomi.

Nitaambiwa: majarida ya fani hii ni ya Kiingereza, programu za kusanifia ni za Kiingereza, na Wang hakuwasilisha kibembezi chake kwa Kiswahili. Kweli tupu. Mpwa wangu husoma kwa Kiingereza kutwa, na mtoto wa kidato cha kwanza anastahili kufundishwa Kiingereza vizuri kuliko tulivyomfundisha, kama lugha, na mwalimu anayekijua. Ninachokataa ni kumfanya alipe kwa kutoelewa fizikia ili aonekane anajua Kiingereza, kisha tukamnyima vyote viwili. Aliyewahi kusimamia darasa la watoto sitini wanaoitikia "ndiyo, mwalimu" bila kuelewa sentensi moja anajua ninachosema. Asiyewahi na aje nimwoneshe.

Mwezi uliopita nilipewa kipindi kimoja na mkuu wa shule ya jirani, kwa hisani tu. Nilifunga kamba mti wa uani, tukabembea kwa zamu, kisha nikaandika ubeti huu ubaoni ili wapate pa kushika:

Bembea huenda nyuma, kisha mbele ikafika,
Pasipo wa kusukuma, mwendo wake hukatika,
Kelele zikiandama, mapigo hutetereka,
Nani anayelalama, lugha yetu imechoka?

Msichana mmoja aliuliza kama wasukumaji wawili wanaweza kukosana na kuizuia bembea wenyewe. Nilimwambia ndiyo, na kwamba katika chipu waya ulio mrefu kidogo tu, unaochelewesha amri, huweza kuanzisha ugomvi huo. Kengele ikalia kabla hajamaliza swali la pili.

Nilipokwisha kuandika makala haya niliyapeleka mjini, kwa kijana wa ile sifuri. Si kijana tena. Ana kibanda chake cha kutengeneza simu, na miwani ya kukuzia vitu vidogo kichwani. Aliniamkia, akanivutia kiti, akasoma yote huku simu ya mteja ikiwa imefunguliwa mezani. Alipofika kwenye mtihani wake hakusema neno. Alisoma hadi mwisho, akarudi kwenye sehemu ya kapasita badilifu, akauliza: "Mwalimu, kama volti ndiyo inayokiongoza, basi betri ikishuka chaji, marudio hayahami?"

Nilimwambia yangehama, ndiyo maana huwekwa sakiti ya kuituliza volti, na kibembezi chenyewe hulinganishwa wakati wote na kingine cha fuwele, cha polepole na kisichoyumba sana, kikionekana kimetoka njiani kinarudishwa. Akauliza: huyo anayelinganisha anahesabuje safari bilioni 60, wakati fuwele yake inakwenda milioni chache tu? Nikafungua kinywa, nikakifunga. Nimempigia mpwa wangu, amenitumia mchoro. Jumamosi narudi kibandani nao.